Manowari Petard na neno lililotushinda darasani

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, mwalimu wetu alitupa ukurasa mmoja wa Kifaransa kuhusu vita vya baharini tuutie katika Kiswahili. Ukurasa wenyewe haukuwa mrefu na sarufi yake ilikuwa nyepesi. Tulikwama kwenye neno moja tu: « escorteur ». Ni meli ya kivita ambayo kazi yake si kwenda kutafuta adui, bali kufuatana na meli nyingine zilizobeba watu na mizigo ili zifike salama.

Mwenzetu mmoja aliandika « mchungaji wa meli », akajitetea kwamba meli hiyo huzichunga nyingine kama Mshi anavyochunga ng'ombe wake. Darasa likacheka, maana hapa Bukavu mchungaji ni yule anayehubiri Jumapili. Mwingine akaandika « mlinzi », nasi tukamwona mara moja mzee wa getini na tochi yake. Mimi niliandika « msindikizaji », na hapo kicheko kikazidi. Dada mmoja wa benchi la nyuma akauliza: « Sasa hiyo meli inasindikiza wageni mpaka barabarani, halafu inarudi nyumbani? »

Mwalimu hakucheka. Alisema tusibishane juu ya kitu tusichokijua. Akanipa kazi ya kuchukua meli moja ya aina hiyo, nifuate maisha yake tangu ilipoundwa hadi ilipovunjwa, kisha nirudi niwaambie wenzangu kama kweli ilisindikiza au ilifanya jambo jingine. Makala hii imetokana na kazi hiyo. Meli niliyoichagua ni manowari ya Kiingereza iliyoitwa Petard. Niliichagua kwa sababu siku mbaya kuliko zote katika maisha yake iliwakuta watu wa kwetu, watu wa Afrika Mashariki, kambini wakizungumza lugha hii ninayoiandika.

Kwanza maneno, maana sisi ni kitivo cha lugha. Kiswahili hakina upungufu wa majina ya vyombo vya majini, ila mengi yametoka pwani na hayakupanda mlima mpaka kwetu. Merikebu ni ya Kiarabu. Manowari ni maneno matatu ya Kiingereza, man-of-war, yaliyomezwa mazima na watu wa Unguja na Mombasa walipoziona meli za kivita za Waingereza zikitia nanga. Na meli, neno tunalolitumia kila siku, limetoka kwa mail, yaani barua: chombo cha moshi kilicholeta posta kikaitwa kwa jina la mzigo wake. Sisi wa Bukavu tunaoshuka bandarini kwenda Goma tunasema « bato » tu, na kila mtu anaelewa.

Ila manowari ni neno pana mno. Mfaransa ana « cuirassé », « croiseur », « contre-torpilleur », « escorteur », kila moja na ukubwa wake na kazi yake. Kwetu zote ni manowari, na magazeti mengine siku hizi huita manowari hata nyambizi, ile inayotembea chini ya maji. Mtafsiri anayeandika « manowari ilizamisha manowari » amemwacha msomaji gizani.

Jina la meli yenyewe lilinifurahisha. « Pétard » kwetu ni zile baruti ndogo ambazo watoto hurusha usiku wa Mwaka Mpya. Waingereza walilikopa neno hilo kwa Wafaransa zamani, lilipokuwa na maana ya bomu la kuvunjia lango la ngome. Petard iliundwa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, katika karakana za Vickers-Armstrongs. Ilishushwa majini Machi 1941 na ikaanza kazi Juni 1942. Urefu wake ulikuwa mita 105 hivi, ikiwa na wanamaji zaidi ya 170, mizinga, mirija ya torpedo, na mapipa ya baruti yanayotupwa baharini yalipuke chini ya maji. Hayo mapipa yashikwe akilini, nitayarudia.

Sasa, kwa nini meli zinahitaji kusindikizwa? Dereva yeyote wa njia ya Uvira anaweza kueleza kuliko mimi. Barabara ikiwa mbaya kwa usalama, malori hayaendi moja moja, yanangojeana mpaka yafanye msafara, na gari la askari linatangulia na jingine linafunga nyuma. Baharini ni vivyo hivyo. Nyambizi ya adui inayovizia peke yake ina nafasi nyingi za kukutana na meli 30 zilizotawanyika bahari nzima, lakini meli hizo 30 zikikaa pamoja, bahari karibu yote inabaki tupu, na nyambizi inayozipata inakuta pia wenye silaha wakizizunguka. Kasoro yake ni kwamba msafara hutembea kwa mwendo wa meli iliyo nzito kuliko zote.

Meli ya ulinzi huisikia nyambizi kabla ya kuiona. Chini ya tumbo lake kuna chombo kinachopeleka mlio ndani ya maji na kusikiliza mwangwi. Mwangwi ukirudi, pana kitu. Fundi anayesikiliza hupima muda ambao mlio umechukua kwenda na kurudi, akajua umbali, kisha nahodha huiendesha meli mpaka juu ya mahali pale na kuangusha mapipa yaliyotegwa kulipuka kwenye kina fulani. Pipa si lazima liiguse nyambizi. Maji hayabonyei kama hewa, kwa hiyo mshindo unasafiri na kupasua bati kwa mbali. Kwa sababu hiyo hiyo, mshindo hupasua pia mapafu na matumbo ya mtu anayeogelea karibu.

Petard ilianza kazi kwa kuzunguka bara letu. Mediterania ilikuwa imefungwa na adui, kwa hiyo meli za Uingereza zilizokwenda Misri zilipita Rasi ya Tumaini Jema na kupanda pwani ya mashariki hadi Suez. Miezi michache baada ya kufika, tarehe 30 Oktoba 1942, ikapata mwindo wake wa kwanza, na huu ndio ulioitia katika vitabu.

Siku hiyo ndege iliripoti nyambizi ya Kijerumani, U-559, kaskazini mwa mdomo wa mto Nile. Petard na manowari nyingine nne ziliiwinda kwa saa nyingi mpaka usiku, zikiangusha mapipa zamu kwa zamu. Hatimaye nyambizi iliibuka ikiwa imepasuka, na watu wake wakaanza kuruka majini. Badala ya kuiacha izame, nahodha wa Petard, Mark Thornton, alituma watu waingie ndani. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea gizani, wakapanda, wakateremka ngazi hadi chumba cha nahodha Mjerumani na kuanza kukusanya karatasi. Aliyezipokea juu na kuzipitisha kwenye mashua alikuwa Tommy Brown, kijana wa duka la meli, mwenye miaka 16, aliyekuwa amedanganya umri wake ili aajiriwe. Maji yalikuwa yakiingia muda wote huo. Mara nyambizi ikazama ghafla. Brown aliokoka, Fasson na Grazier wakaenda nayo.

Karatasi zile zilikuwa vitabu vya maneno ya siri, vikiwemo vile vya kufupisha habari za hali ya hewa. Niruhusiwe hapa kusimama kidogo, maana ni jambo la lugha. Wajerumani walikuwa na mashine ya kuficha ujumbe, Enigma, na tangu Februari 1942 nyambizi zao za Atlantiki zilitumia aina mpya ambayo Waingereza wa Bletchley Park hawakuweza kuisoma. Kitabu cha hali ya hewa kiliwapa ufunguo kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote wa tafsiri ataielewa. Ukiwa na maandishi usiyoyajua, na ukajua kwa hakika kwamba sentensi fulani ndani yake inasema « upepo wa kaskazini, mawingu mazito », unaweza kuanzia hapo na kurudi nyuma mpaka kwenye kanuni. Tarehe 13 Desemba 1942 walianza tena kusoma. Misafara ya Atlantiki ikaweza kupitishwa mbali na nyambizi zilizokuwa zikiivizia.

Fasson na Grazier walipewa Msalaba wa George baada ya kufa, Brown akapewa medali ya George. Kwa miaka mingi haikuwezekana kusema walikufia nini, kwa sababu siri ya Enigma ilifichwa mpaka miaka ya 1970. Brown mwenyewe hakuishi kuiona siku hiyo. Alikufa mwaka 1945 nyumba yao ilipoungua, akijaribu kumtoa dada yake mdogo.

Mwezi Desemba huohuo, Petard pamoja na manowari ya Kigiriki Vasilissa Olga iliizamisha nyambizi ya Kiitalia, Uarsciek, karibu na Malta. Mwaka 1943 ilikuwa Sisilia, Salerno, kisha visiwa vya Dodekanesi. Nitayapita haya, ingawa wanamaji wenyewe wasingeyapita. Mwanzoni mwa 1944 iliingia Bahari ya Hindi.

Bandari ya Kilindini, Mombasa, Februari 1944. Meli tano za kubeba askari zinakusanyika kwenda Colombo. Msafara unapewa jina KR 8. Mbele ya safari hiyo kuna Burma, ambako Waingereza wanahitaji askari wa kupigana na Wajapani msituni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki imekwisha kutangulia Ceylon kwa mafunzo.

Mojawapo ya meli hizo tano ni Khedive Ismail. Iliundwa 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua, kisha 1935 ikauzwa kwa kampuni ya Misri, Khedivial Mail Line. Tazama lile neno mail. Ilikuwa meli kwa maana ya kwanza kabisa ya neno, mbeba barua. Mwaka 1940 ikageuzwa ya kubeba askari. Safari hii ilikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301: vijana wa Kiafrika na maofisa wao Wazungu. Walikuwemo pia wanamaji wa Uingereza na wanawake kadhaa, wengi wao wauguzi.

Walinzi wa msafara walikuwa watatu: meli kubwa ya zamani, Hawkins, na manowari mbili pacha, Paladin na Petard. Nahodha wa Petard sasa alikuwa Rupert Egan.

Tarehe 12 Februari, siku ya Jumamosi, msafara ulikuwa umefika karibu na visiwa vya Maldivi. Saa nane na nusu hivi mchana, baada ya chakula, kulikuwa na muziki katika ukumbi wa Khedive Ismail. Nyambizi ya Kijapani I-27, ikiongozwa na Fukumura Toshiaki, ilipenya na kurusha torpedo. Mbili ziliipiga meli. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Nimejaribu kuhesabu dakika mbili kwa saa yangu chumbani, nikiwaza umbali wa kutoka vyumba vya chini mpaka hewani, ngazi moja, mlango mmoja, ngazi nyingine, watu mia kadhaa wakizitaka ngazi hizohizo. Aliyekuwa chini hakuwa na namna.

Meli nyingine nne zilifanya linalofanywa na msafara uliopigwa: zilitawanyika na kukimbia mbele pamoja na Hawkins. Walibaki Paladin na Petard, na watu wanaoogelea kati ya mbao na mafuta. Paladin ikashusha mashua kuwaokota. Petard ikaitafuta nyambizi, ikapata mwangwi. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya wale wanaoogelea.

Hapo ndipo kazi niliyopewa ilipoacha kuwa ya kamusi.

Egan alikuwa na mambo mawili mbele yake. Akiiacha nyambizi, itaweza kuipiga Paladin iliyosimama ikiokota watu, kisha kuifuata misafara mingine itakayopita njia hiyo. Akiishambulia, mapipa yataanguka kati ya watu aliokuja kuwalinda, na yeye alijua, kuliko ninavyojua mimi, jinsi maji yanavyobeba mshindo. Aliamuru mapipa yaangushwe. Petard ilipita mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Wanamaji wake wengine walisimama ukingoni wakitazama waliokuwa wakiwanyooshea mikono.

Mara ya tatu I-27 iliibuka. Manowari zote mbili ziliipiga kwa mizinga, ambayo haikuweza kuipasua. Paladin ilijaribu kuigonga kwa kifua chake, ikaishia kuchanika yenyewe ubavuni. Mwishowe Petard ilirusha torpedo moja baada ya nyingine. Sita zilikosa. Ya saba iliikata nyambizi. Tangu mlipuko wa kwanza zilikuwa zimepita saa mbili na nusu.

Waliokufa kutoka Khedive Ismail ni 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Hakuna hesabu inayotenganisha waliokufa na meli na waliouawa na mapipa, na haiwezi kupatikana, kwa kuwa bahari ni ileile. Nimesoma watu wanaomtetea Egan na watu wanaomlaani. Mimi namwelewa kwa hesabu yake. Ila naona pia kwamba hesabu ya namna hiyo ni rahisi kidogo kuifanya pale wanaohesabiwa hawajulikani kwa majina. Sisemi kwamba wangekuwa Wazungu watupu angeacha. Majini walikuwemo Waingereza wengi, wakiwemo wanamaji wa jeshi lake mwenyewe, na mapipa hayakuchagua. Nasema juu ya yaliyofuata, juu ya namna ya kusimulia. Vitabu vinavyoisifu Petard kwa kuzamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya adui, Ujerumani, Italia na Japani, vina ukurasa mzima wa Fasson na Grazier, kwa haki kabisa. Vijana wa Rejimenti ya 301 mara nyingi wanapata nusu ya sentensi na tarakimu.

Tarakimu hizo zilikuwa na lugha. Katika majeshi ya Waingereza ya Afrika Mashariki Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Mkamba, Mganda, Mnyamwezi na Mjaluo waliokutana kwenye mzinga mmoja walielewana kwa Kiswahili, na wengi walikijua vizuri kwa mara ya kwanza jeshini, kama wazee wetu wa Force Publique walivyojifunza Kiswahili au Lingala kwa amri ya sajini. Wanafunzi tunaosoma uenezi wa Kiswahili hutaja misafara ya biashara, misheni, migodi ya Katanga. Jeshi tunalitaja kwa mstari mmoja. Siku ile ya Maldivi, kelele zilizopanda kutoka majini zilikuwa kwa sehemu kubwa za Kiswahili, na waliokuwa kwenye daraja la Petard huenda hawakuelewa maneno, ila maana yake hawakuweza kuikosa.

Na Kongo haiko mbali na habari hii. Mwaka 1944 mji wetu ulikuwa bado unaitwa Costermansville, na koloni ya Ubelgiji ilikuwa vitani upande wa Waingereza. Julai 1941 askari wa Force Publique walikuwa wamewashinda Waitalia huko Saio, Ethiopia. Baada ya hapo hospitali ya vita ya Kongo, Kituo cha 10 cha kupokea majeruhi, yenye wauguzi na wabeba machela mia kadhaa Wakongomani, ilikwenda Madagaska, kisha Burma, ikawatibu majeruhi wa Divisheni ya 11 katika bonde la Kabaw. Hawakufika Burma kwa miguu. Walivuka bahari hiyohiyo katika meli za kubeba askari, chini ya ulinzi wa manowari kama hizi, wakitazama maji yaleyale. Wao walifika.

Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana kuzama ni nini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, Goma, gati likionekana, watu ufukoni wakitazama. Nilipoisoma habari ya Khedive Ismail, picha iliyonijia haikuwa ya filamu ya vita.

Petard ilimaliza vita ikiwa hai. Katika miaka ya 1950 ilibadilishwa umbo, ikawa frigeti ya kuwinda nyambizi, kazi ileile kwa vyombo vipya. Mwaka 1967 iliuzwa kama chuma chakavu na kuvunjwa Bo'ness, Uskoti. Haikupata hata shimo la bahari kama zile ilizozizamisha. Pengine chuma chake kimekuwa vyuma vya nyumba.

Nilirudi darasani na kurasa kumi na mbili za maelezo. Nikasema nimejirudi: « msindikizaji » halifai. Hoja yangu ilikuwa hii. Mama yangu akimsindikiza mgeni kutoka Kadutu, anatembea na mtu. Anambebea mfuko, wanasimama kila hatua ishirini kumaliza maongezi ambayo yangeweza kumalizwa ndani, na mvua ikianza wanajikinga pamoja. Uaminifu wake uko kwa mgeni yule mmoja. Meli ya kivita haiko hivyo. Uaminifu wake uko kwa msafara. Siku msafara na msafiri wanapotengana, kama walivyotengana tarehe 12 Februari, inauchagua msafara, hata ule ambao bado haujaondoka Kilindini. Basi, nikasema, tuandike « manowari ya msafara », jina litaje linacholindwa kweli.

Dada wa benchi la nyuma, yule aliyenicheka, alinyanyua mkono. Alisema nimesahau mashua za Paladin. Wale waliokaa kwenye makasia, wakivuta watu kwa mikono huku maji yakitetemeka kwa mapipa ya wenzao, walikuwa wakifanya nini kama si kusindikiza? Na meli yao ilikuwa « escorteur » ileile, ya muundo uleule.

Sikuwa na jibu. Nikamgeukia mwalimu, naye akauliza swali badala ya kutoa hukumu: « Mama yako anapomsindikiza mgeni, huwa anamfikisha kwake? »

Hapana, nikasema. Anamfikisha Place Major Vangu, wakati mwingine hata huko hafiki. Halafu anarudi.

« Na mgeni? »

« Anaendelea peke yake. »

Alituambia tupige kura, jambo ambalo si kawaida katika somo la tafsiri. « Manowari ya msafara » ilipata kura 17, « msindikizaji » 12. Mmoja alishikilia « mchungaji » mpaka mwisho. Mimi nilipigia kura lile nililokuwa nimelikataa dakika kumi kabla, na katika nakala safi niliyompa mwalimu limebaki hilo.